Hatua Moja Kila Masika

Simu ya kwanza iliingia kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita kwenye skrini.

"Nyinyi watu wa vichekesho," mwanamume alisema bila hata salamu, "nani amewaambia yule mzee apewe kidari?"

Nilikuwa nimesimama sebuleni kwenye nyumba tuliyopanga mtaa wa Rau, nyumba iliyokuwa ofisi, studio na jiko kwa pamoja, furaha imenijaa. Sehemu ya kwanza ya kipindi chetu ilikuwa imetoka kuonyeshwa, Jumapili saa kumi jioni, kwenye kituo kidogo cha televisheni cha mjini Moshi. Mimi ndiye niliyeiandika. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, miaka miwili ya kutafuta kazi, na imani moja kubwa: ukitaka watu wauone ubaya, usiwaonyeshe mtu mwema anayelia. Waonyeshe mtu mbaya anayejiona mwema, kisha mwache aongee.

Basi nikamwandika Mzee. Hatukumpa jina lingine. Katika sehemu ile ya kwanza anachinja mbuzi nyumbani kwa marehemu ndugu yake, anakaa kiti cha mbele, anakula, anafuta midomo, halafu anamtangazia mjane kwamba familia imeamua "kumpumzisha" na kazi za shamba. Baadaye anachukua panga na kufyeka masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda kuwa mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo, huku akiimba wimbo wa kanisani. Niliandika nikicheka peke yangu. Nikasubiri simu za watu wenye hasira kwa ajili ya mjane.

Hakuna aliyepiga kwa ajili ya mjane. Walipiga kuhusu nyama.

Mtu wa Rombo alisema kidari hakiwezi kuwa cha mtu kama yule. Mtu wa Machame akasema kidari ni chake kabisa, ila pale mmeonyesha mwanamke ndiye anayekata, na hilo ni tusi. Mama mmoja wa Kibosho alieleza kwa kirefu jinsi mgongo unavyotengwa, nani anautenga na nani anaupeleka, kisha akamalizia kwa sauti ya upole, "Lakini mmetuchekesha sana, aika," yaani ahsante, akakata simu.

Mwongozaji wetu, mwanamke wa hapa hapa mjini ambaye babu yake alitoka Gujarati akafungua duka la vitambaa, alinikazia macho. "Si wewe ndiye Mchaga hapa? Nilikuuliza, hiyo nyama inagawiwaje. Ukaniambia nyama ni nyama."

Nilisema hivyo, kweli. Nililelewa bwenini tangu darasa la nne, halafu chuo kikuu, na nilipokuwa likizo nilikuwa jikoni na mama nikimenya ndizi za mtori wakati wanaume wanagawa mbuzi nyuma ya nyumba. Na hata ningekaribishwa huko nyuma, nisingeenda. Niliona yale ni mambo ya wazee kupoteza muda.

"Sasa," mwongozaji akaendelea, "mtu ananyang'anya shamba la mjane, wao wanaona kidari. Una uhakika hii kejeli yako inafanya kazi?"

Swali hilo lilinikosesha raha wiki nzima. Alhamisi yake mwigizaji wetu, fundi cherehani mpole ambaye Jumapili huimba besi kwenye kwaya, alikwenda sokoni Bomang'ombe kununua vitunguu. Aliporudi alikuwa amebeba mkungu wa ndizi ambao hakuununua. Mama muuza ndizi alikuwa amemfokea kwanza, "Wewe mwizi wa mashamba, toka hapa!" Halafu akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, akampa mkungu bure. "Mzee, wewe ni mbaya," alimwambia, "lakini unasema vizuri."

"Nimefurahi," mwigizaji akatuambia, akiuweka mkungu chini taratibu. "Ila sijui nimefurahia nini."

Hata mimi sikujua. Wanamcheka, au wanacheka naye? Nilikuwa nimekaa madarasani miaka mitatu nikibishana na wahadhiri kuhusu kila kitu, na sasa nilikuwa na swali langu mwenyewe na hakuna wa kubishana naye. Ndipo baba mkubwa alipopiga simu.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe msomi, umetutia aibu."

Huyu ni kaka mkubwa wa baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa kwenye kikao cha ukoo watu wote wananyamaza. Nilijua kuna wakati, nikimwandika Mzee, niliazima mkono wake, namna anavyoupapasa ukingo wa meza kabla ya kutoa uamuzi. Nikaona nimekamatwa.

"Kidari!" akasema. "Halafu panga! Nani anakata masale kwa panga? Mtoto wa Kichaga! Watu wanafikiri hatujakufundisha kitu. Njoo Jumamosi nikuelekeze. Mimi sitaki ukoo wetu uchekwe kwa kutojua."

Kwa hiyo hakujiona. Aliona makosa tu. Nilicheka peke yangu jikoni pale Rau nikiwa nimeziba mdomo, kisha nikachukua daftari jipya.

Lazima niseme jambo moja hapa. Kihamba cha baba mkubwa kinapakana na cha shangazi, dada yao wa pekee. Kwa desturi yetu binti hapewi kihamba. Ataolewa, atakula kwa mumewe. Lakini shangazi alirudi nyumbani akiwa na begi moja baada ya ndoa kumshinda, na babu, kabla hajafa, alimkatia kipande chake mbele ya ndugu wote na kukipandia masale. Shangazi ana migomba yake, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja wa maziwa anayemtunza kama mtoto. Krismasi iliyopita alituambia, tukiwa tunaosha vyombo, kwamba anafikiria kumuuza. Majani ya kumlisha hayatoshi tena, na hana pengine pa kuyakata. Migomba imepungua. "Sijui ni mimi nimechoka," alisema, "au ardhi ndiyo imechoka." Mama yangu akamshauri aongeze samadi. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, samadi.

Jumamosi nilipanda mlimani, kijijini kwetu. Baba mkubwa alikuwa ameweka viti viwili uani, na kahawa kwenye chupa. Alianza na mbuzi. Kwa saa nzima alinichorea mnyama ardhini kwa kijiti, kiungo kwa kiungo, nani anapata nini na nani akikosa atanuna. Na nikiri, nilisisimka! Sikuwa nimewahi kuona sheria nzima ya ukoo ikilala ndani ya mnyama mmoja: nani mkubwa, nani mgeni, nani amesahauliwa. Niliandika mpaka kidole kikauma.

"Sasa masale," akasema. Akajisogeza. Sauti yake ikashuka, kama fundi anayetaka kukuonyesha kazi yake nzuri. "Yule mzee wenu ni mjinga. Masale hayakatwi. Ukiyakata, kwanza ni mwiko, pili kila mtu ataona. Mtu mwenye akili anapanda."

"Anapanda?"

"Anapanda mengine. Hatua moja mbele. Masika, wakati kila mtu yuko shambani na hakuna anayemwangalia mwenzake. Mwaka wa kwanza unaacha mistari yote miwili isimame, watu wazoee. Mwaka wa pili mstari ule wa zamani unaulaza chini kwa mguu, unaufunika na majani ya migomba. Ukichipua, unavunja machipukizi kwa mkono huku unapalilia. Taratibu. Masika inayofuata, hatua nyingine."

"Na jirani?"

"Jirani unamsalimia kila asubuhi. Ukivuna ndizi unampelekea."

"Na akigundua?"

"Atagundua nini?" Alicheka, akapapasa ukingo wa kiti. "Akija na wazee, masale yapo. Yamesimama. Mazuri kuliko ya zamani. Nani atasema mpaka haupo?"

Nilikuwa bado naandika, huku nikiwaza jinsi mwigizaji wetu atakavyolisema lile neno "unamsalimia", nilipoinua macho. Nyuma ya bega lake niliuona mringaringa, ule mti mkubwa wa kivuli cha kahawa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naupanda. Nilianguka kutoka tawi lake la chini, na aliyeniokota ni shangazi, kwa sababu mti ulikuwa kwake, mwisho wa kahawa yake, kando ya mpaka. Sasa ulikuwa upande huu. Masale yalikuwa yamesimama mbele yake, hatua tano hivi kuelekea nyumbani kwa shangazi. Mazuri. Yamenyooka.

Kalamu ilisimama.

"Umeandika?" baba mkubwa akauliza.

"Nimeandika."

"Soma tuone."

Nikamsomea maneno yake mwenyewe. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akirekebisha hapa na pale. Hadi leo sijui kwa nini aliniambia. Nimejiuliza mara nyingi. Labda alikuwa ameifanya kazi ile kwa ustadi kwa miaka mingi bila mtu hata mmoja wa kumsifu. Labda alisahau. Labda kwake haukuwa wizi, ulikuwa ukulima.

Nilishuka Rau nikiwa kama nina homa. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa shangazi, najua. Lakini nilijua pia kitakachofuata: kikao, wazee kwenye viti, mimi nimesimama, na mtu mmoja kuuliza huyu mtoto wa juzi anatoa wapi ujasiri wa kumsema baba yake mkubwa. Baba yangu, dereva wa malori yanayovuka mpaka wa Holili kwenda Kenya, asingekuwepo. Shangazi angeniambia ninyamaze. Basi nikaandika. Niliandika Jumapili yote baada ya ibada, na Jumatatu asubuhi mwongozaji alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa.

"Huyu sasa anatisha," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa shetani wa kuchora. Huyu ni mtu anayekuletea ndizi." Kisha akaniangalia vizuri. "Umemtoa wapi?"

"Nyumbani."

"Anajua?"

"Amenirekebishia skripti."

Alizikusanya karatasi, akazilaza mezani. "Na huyo jirani naye anajua?"

Nilimwomba tu tusibadilishe hata neno moja. Kama kejeli yangu ilikuwa na kazi yoyote duniani, ilikuwa hii: kuyafikisha maneno yale masikioni mwa mtu mmoja. Na nilikuwa na hofu ya kweli kwamba atacheka tu kama wengine, aende zake, akauze ng'ombe.

Siku ya kuonyeshwa, baba mkubwa aliwaita watu. Ana runinga kubwa kuliko wote, na alikuwa ametangaza mpaka kanisani kwamba safari hii Wachaga wataonyeshwa inavyotakiwa. Sebule ilijaa. Shangazi alikuja na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mimi nilikaa pembeni ya mama.

Mbuzi alipogawiwa, sebule ilishangilia kana kwamba timu imefunga bao. "Umeona!" baba mkubwa alikuwa akisema kila kiungo kilipotajwa. "Umeona! Hapo sasa!" Halafu Mzee akatoka kwenda shambani. Fundi cherehani wetu, akiwa na koti lake la kubana, alipanda isale moja, akalisawazisha kwa kiganja kama anayemlaza mtoto, akageukia kamera. "Jirani," akasema, "unamsalimia kila asubuhi."

Walicheka! Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikalia. Mama yangu alicheka. Watoto wakaanza kupimana hatua kwenye zulia, "Masika! Hatua! Masika! Hatua!" Na baba mkubwa alicheka kuliko wote, akigonga goti, akisema, "Hasa! Ndivyo hasa!"

Shangazi alikuwa amelishika bakuli la kiburu ambalo alikuwa bado hajaligawa. Hakucheka. Alikuwa anawaangalia watoto kwenye zulia.

"Kila masika hatua moja?" akauliza, taratibu.

Kwa kelele zile hawakumsikia. Aliweka bakuli chini, akafunika kitambaa vizuri, akatoka. Nilimwona dirishani akichukua jembe lililoegemea ukuta wa banda. Nikasimama. Mama akasimama. Mmoja akamfuata mwingine, mpaka sebule nzima ikahamia shambani na runinga ikabaki inaongea yenyewe.

Shangazi alikuwa chini ya mringaringa. Aliugusa mti kwanza, kisha akageuka, akayatazama masale kwa mbali, akaanza kulima kwenye matandazo ya migomba. Majani makavu yalikuwa mengi, yamelaliana kwa miaka. Alilima pale, hakupata kitu. Akasogea, akalima tena karibu na kahawa.

"Dada, unafanya nini?" baba mkubwa akasema. Alikuwa bado na tabasamu la sebuleni. "Yale ni maigizo."

Shangazi aliinua jembe juu.

"Wewe! Hapo utakata mizizi ya kahawa! Sogea huku, huku, mpaka ulikuwa..."

Mkono wake ulikuwa bado umenyooka mbele, ukionyesha.

Maji yalisikika yakipita kwenye mfereji. Shangazi alimtazama, akasogea hatua mbili mpaka pale mkono ulipoelekeza, akaondoa matandazo kwa mguu. Vilikuwepo. Visiki vya masale, vimepangana mstari mmoja, vyeusi kwa kuoza. Kimoja kilikuwa na chipukizi jeupe lililojikunja chini ya majani likitafuta mwanga.

Aliyecheka kwanza ni mama yangu. Hakikuwa kicheko cha sebuleni. Kilianza kama kikohozi, akajaribu kukizuia kwa mkono, kikamshinda. Halafu mke wa baba mkubwa mwenyewe akageuza uso pembeni, mabega yakicheza. Watoto hawakuelewa, lakini walikuwa na wimbo wao tayari, na mmoja akaanza, "Masika! Hatua!" Hakuna mtu mzima aliyemnyamazisha. Pale ndipo nilipopata jibu la swali la mwongozaji, angalau jibu la siku ile. Walikuwa wamecheka naye dakika kumi zilizopita, kwa moyo wote, na sasa hawakuweza kurudi nyuma na kusema hawakuelewa mzaha.

Baba mkubwa alishusha mkono, akaingia ndani. Tukasikia runinga ikizimwa.

Siku nne baadaye alikwenda kwa shangazi asubuhi. Nilikuwepo, nikisaidia kukamua, au kusema kweli nikimwogopesha ng'ombe. Alivaa koti la Jumapili, na mkononi alishika jani moja la isale lililofungwa fundo. Kwetu, mtu akikuletea isale la namna hiyo amekuja kuomba msamaha, na hukatai. Hata kama amekuua nusu, hukatai. Nilitaka kupiga kelele. Desturi gani hii? Mmea ule ule alioibia, ndio anaosafishia mikono? Na anayeumizwa ndiye anayebanwa?

"Shangazi," nikaanza.

"Kamua," akaniambia.

Alifuta mikono, akalipokea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akainamisha kichwa. "Nimelipokea, kaka. Yameisha." Baba mkubwa akashusha pumzi. Alikuwa tayari ameanza kugeuka.

"Ila hili ni jani," shangazi akasema. "Jani halioti. Nenda ukalete mashina."

"Mashina?"

"Ya kutosha kutoka mringaringa mpaka mferejini. Mimi nakusubiri. Leo si mvua ndiyo zimeanza?"

Alimtazama dada yake, akanitazama mimi na ndoo yangu. Halafu akavua koti, akalitundika kwenye mgomba, akaenda. Aliporudi alikuwa na mzigo wa mashina begani na matope mpaka magotini. Alianzia kwenye mringaringa. Shangazi alitembea nyuma yake akiwa amebeba majani ya ng'ombe aliyoyakata pale pale njiani, kwenye zile hatua tano, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilikuwa nimetoa daftari. Sikuweza kujizuia.

Baba mkubwa aliniona. Alijiinua, akashika kiuno. Nilidhani ananifukuza.

"Mwambie yule mwigizaji wenu," akasema, "shina halisimamishwi wima. Linalazwa kidogo. Alipanda vibaya Jumapili, nilinyamaza tu."

"Panda, kaka," shangazi akasema nyuma yake. "Panda, acha kuongea."